Chemba au jumuiya ya soko: ujiunge wapi?

Wenye maduka Kariakoo huuliza kila mara: nijiunge na TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, au jumuiya ya wafanyabiashara wa sokoni?

Kwa gharama, jumuiya ni nafuu. Chemba ina kiingilio na ada ya kila mwaka.

Kwa kero ya leo, jumuiya inashinda. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara uso kwa uso. Nguvu ile ilitoka mitaani, kwenye milango iliyoshushwa.

Ila ukianza kupeleka mzigo nje, mambo hubadilika. TCCIA, iliyoanzishwa 1988, hutoa cheti cha uasili wa bidhaa, karatasi inayothibitisha mzigo umetoka nchi gani. Ukiwa huna karatasi hiyo, nafuu ya ushuru unaweza kuikosa mpakani, lori limeshapakiwa na dereva anasubiri. Hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa, na inaniuma. Tena chemba ina ofisi mikoani. Ukitafuta msambazaji Mwanza, una pa kubishia hodi.

Muuza vitenge wa rejareja Mtaa wa Kongo aanze na jumuiya. Msindikaji viungo wa Mbagala anayeitazama Lusaka, chemba kwanza.