DVD za nyumbani kwenda kwenye hadidiski ya TV: uzoefu wangu na MakeMKV, HandBrake na wenzao

Kwa mwenye haraka: MakeMKV, programu ya kukopi DVD kwenda kwenye kompyuta, ndiyo iliyonifanyia kazi, HandBrake, ya kubana na kubadili video, inahitajika kwa DVD chache kuliko watu wanavyodhani, na kitakachokusumbua zaidi ni TV yenyewe wala si kompyuta. Mwenye nafasi aendelee, maana yapo mambo ambayo ni afadhali uyajue kabla hujagawa deki na kuchoma makava.

Mzigo wenyewe ni huu. Nyumbani kwetu Tanga tuna diski zinazokaribia mia mbili. Kuna Bongo Muvi za enzi za Part 1 na Part 2, baadhi zikiwa na stempu ya TRA iliyoanza kubandikwa 2013. Kuna taarabu za Mama, kuna kwaya za jirani yetu ambazo sijui zilihamia lini kwetu, kuna katuni ambazo kaka alikuwa akiwatumia watoto kutoka Muscat. Halafu kuna zile zisizouzwa popote: harusi, mahafali, maulidi, safari ya kwenda kumposea mdogo wangu. Deki ya mwisho imeanza kugoma kufungua mlango mpaka uigongegonge, na madukani siku hizi ukiulizia deki wanakuangalia kama umeulizia kandili.

Kwanza nilipeleka harusi mbili kwa vijana wa mtaani wanaoingiza muvi na nyimbo kwenye flashi. Kazi waliimaliza siku hiyohiyo na bei ilikuwa ya kirafiki. Tatizo ni walichonirudishia: harusi ya saa mbili imebanwa mpaka MB mia tatu na kitu, picha upana wa pikseli 320. Kwenye simu inaridhisha. Kwenye TV ya inchi 43 bibi harusi hana macho. Siwalaumu sana, wao wamezoea wateja wa simu, lakini kama utatumia huduma ya namna hiyo, sema mapema kwamba unataka ukubwa wa DVD uleule, na kabla ya kulipa iangalie kwenye skrini kubwa.

Basi nikaamua kuifanya mwenyewe. Laptopu yangu haina mlango wa CD, kwa hiyo nilinunua kisomeo cha nje cha USB ambacho hakikufika laki moja, na hadidiski ya TB 2. Kwa nini TB 2? DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5, na zinazochomwa na wapiga video wetu karibu zote ni tabaka moja. Hata diski zetu zote zingekuwa zimejaa pomoni, zisingevuka TB 1. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote: hakuna haja ya kubana kitu. Miaka ile hadidiski ilipokuwa ya GB 40, kubana kulikuwa na maana. Leo unapoteza picha ili kuokoa nafasi ambayo huna cha kuifanyia.

Ukifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS yenye faili za VOB, na hakuna VOB inayozidi GB 1, kwa hiyo video ndefu imekatwa vipande. Wengi wanakopi vipande hivyo moja kwa moja kwenye flashi. Inacheza, ndiyo, ila sheikh anakatwa katikati ya hutuba ya ndoa na TV inakurudisha kwenye orodha ya mafaili. MakeMKV inaviunganisha vyote kuwa faili moja la MKV bila kugusa picha wala sauti. Ni MPEG-2 (aina ya video ya DVD) ileile iliyokuwa kwenye diski, na migawanyo ya sura imo. Kwa DVD ni ya bure. Wanaoombwa hela ni wa Blu-ray. Diski moja inachukua robo saa hadi nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo wewe unafanya mambo yako.

Ina usumbufu wake. DVD za kwaya na taarabu mara nyingi huwa na kila wimbo peke yake, halafu na faili refu lenye nyimbo zote kwa mfuatano. MakeMKV inakuonyesha yote na kuyawekea tiki, na usipoangalia urefu unakopi albamu nzima mara mbili. Kwa kawaida pia inaruka kipande kilicho chini ya sekunde 120. Kwa filamu ni sawa, lakini kwenye DVD za mahafali kuna vipande vifupi vya watoto wakisoma mashairi ambavyo wazazi ndivyo wanavyovitaka. Namba hiyo ishushe kwenye mipangilio kabla hujaanza. Ile menyu yenye maua na picha ya maharusi wakizunguka haiji, na Mama aliiulizia.

Katuni za Muscat zilikuwa na hadithi yao. DVD za biashara zina namba ya kanda: Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, nchi za Ghuba na Ulaya ni kanda ya 2. Ndiyo maana deki ya sebuleni ilizikataa miaka yote na kaka akawa anashutumiwa kwamba anatuma CD mbovu. Kisomeo cha kompyuta nacho kina kanda, na kinakuruhusu kuibadilisha mara tano tu, baada ya hapo kinabaki ilipoishia. Usikubali haraka Windows ikikuuliza. Kwangu MakeMKV ilizisoma bila kubadilisha chochote.

Sasa VCD, yaani CD za video, na hapa ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapotuacha, kwa sababu huko wanakoandikia VCD haikuwa na nguvu. Kwetu ilitawala. Sehemu nzuri ya zile tunazoziita DVD kabatini ni VCD: folda yake ni MPEGAV, ndani kuna AVSEQ01.DAT au jina linalofanana nalo, picha ni 352 kwa 288. MakeMKV haizitambui kabisa. VLC inazicheza bila maswali, lakini kukopi ndiko kwenye kazi. CD ya kawaida ya data imewekewa tabaka la ziada la kurekebisha makosa. VCD ililitoa tabaka hilo kwenye video ili ipate nafasi ya dakika zake sabini na kitu. Mkwaruzo ambao DVD ingeuvumilia, kwenye VCD Windows inagoma na kukatisha kazi nzima, hata kama kilichoharibika ni sekunde moja. Nilichotumia ni IsoBuster, ambayo inalitoa lile DAT kama MPG, na ikifika penye ubovu inakuuliza ijaribu tena au iruke. Nikasema iruke. Picha inaganda kidogo, watu wanaendelea kucheza.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uanze na VCD za familia, kisha DVD za familia, na zile za dukani ziwe mwisho kabisa. Bongo Muvi nyingi utazikuta YouTube. Harusi ya shangazi haipo kwa mtu mwingine yeyote, na mpiga video aliyeichukua alishafuta mkanda zamani ili arekodi harusi nyingine.

Kuhusu diski chafu na zenye mikwaruzo, kitambaa laini cha pamba, maji na tone la sabuni, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, viliokoa nyingi. Dawa ya meno na ndizi waachie wenyewe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwenye CD na VCD data imekaa karibu kabisa na upande wa juu, penye maandishi, ikiwa imefunikwa na rangi tu. Ukiona mwanga unapita kwenye tundu dogo upande huo, sehemu hiyo imekwenda. DVD ni vibati viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja na data iko katikati, kwa hiyo upande wa juu unavumilia zaidi, ingawa zile lebo za karatasi za kubandika huipinda diski kwa joto letu la pwani mpaka kisomeo kinatetemeka. Na kama kisomeo kimoja kimeshindwa, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa. Diski kadhaa zilizokataliwa na hiki changu chembamba zilisomwa vizuri na kile cha kompyuta kubwa ya zamani ya jirani.

Nije kwenye HandBrake. Ni ya bure, ni nzuri, na imeandikwa kwa uangalifu, lakini kwangu ilibaki ya kazi maalumu. Kazi ya kwanza ni TV ya chumbani kwa Mama, isiyo na mambo ya Android. Hiyo MKV ya MPEG-2 inaionyesha picha bila sauti, na nyingine haifungui kabisa. Ukiipitisha kwenye HandBrake ikatoka MP4 ya H.264 na sauti ya AAC, inacheza kila mahali. Kwenye ubora niliweka RF 20, na harusi ya GB 4 ikawa kati ya GB 1 na 2, tofauti ya picha sikuiona. Kazi ya pili ni ile mistari ya kitana inayotokea ukingoni mwa mtu anayesogea. Video zetu za kamera zilirekodiwa kwa mistari inayopishana, desturi ya PAL, mfumo wa TV wa zamani, na TV za sasa haziiondoi vizuri kila mara. Kwenye sehemu ya vichujio chagua Bwdif na umbo lake la Bob: inakupa picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na watu wakiingia uwanjani kucheza mdundiko wanakuwa laini kama siku yenyewe. Laptopu inachemka, lakini matokeo yanalipa. Faili la asili la MakeMKV usilifute hata baada ya hapo.

TV ndiyo iliyonichosha. Hadidiski ikiwa imepangwa kwa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, na harusi nyingi zinagusa hapo hapo, kwa hiyo nilitumia NTFS, ambayo TV yangu ya sebuleni inaisoma. Kichezaji kilichokuja na TV kilikuwa kinaficha sauti za baadhi ya mafaili. Nikaweka VLC kutoka dukani kwa Google na malalamiko yakaisha. Tafsiri za chini kwenye DVD si maandishi, ni picha ndogondogo, ndiyo maana TV nyingi haziziwashi, VLC inazionyesha. Ikitokea hadidiski inalia tik tik na haitokei kwenye orodha, shaka ya kwanza iwe umeme: tundu la USB 2.0 lina mA 500 tu, na diski inapoanza kuzunguka hutaka zaidi. Hamia tundu lingine la TV kama lipo la USB 3.0, au tumia habu yenye adapta yake.

Nilijaribu pia Jellyfin, ambayo inageuza kompyuta kuwa maktaba ya nyumba nzima kupitia waifai, bila bando. Inapendeza, makava yanaonekana, kila mtu anaendelea pale alipoishia. Lakini kompyuta lazima iwe imewashwa muda wote, na ukiwasha zile tafsiri za picha inabidi izichome kwenye video papo hapo, laptopu yangu ikawa inalia feni kama inataka kuruka. Kwa nyumba yenye kompyuta ya kukaa mezani na umeme wa uhakika, ningeipendekeza bila kusita. Kwetu, LUKU na mimi tuliamua hapana. Hadidiski kwenye TV na rimoti moja, Mama ameielewa siku ya kwanza.

Majina ya mafaili yape muda. Nimeanza na aina, kisha mwaka, kisha mwenyewe: Harusi 2009 Shangazi, Mahafali 2013 Darasa la Saba. MakeMKV ikiachwa inaweza kukupa jina kama title_t00 kwa kila diski, na ukishakuwa nazo hamsini hakuna wa kukusaidia. Za familia zina nakala ya pili kwenye hadidiski iliyoko kwa dada Korogwe, maana hadidiski ikianguka chini haikwaruzi wimbo mmoja, inakwenda na kabati zima. Za dukani sijazihangaikia nakala, na siwaingizii watu. Ni za sebuleni kwetu.

Zilizobaki ni zile diski ndogo za sentimita 8, za kamera ya binamu. Hizo hazikufungwa rasmi na kamera yenyewe baada ya kurekodi, kwa hiyo kompyuta inaziona tupu. Kamera imepatikana, chaja bado. Na kama kisomeo chako ni kile cha kumeza diski bila trei, hizo ndogo usizitie kabisa, utamtafuta fundi.