PHP tupu kwa fomu ndefu ya mkopo: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kwa kujenga fomu ya kurasa nyingi, PHP tupu, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, bila fremuweki yoyote (mifupa ya msimbo iliyotayarishwa) ni chombo kizuri, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoinyima ni kwa ajili ya sesheni zake, yaani kumbukumbu ya muda ya seva kuhusu kila mjazaji, ambazo mipangilio yake inamfikiria mtu anayekaa mezani na kujaza fomu mwanzo mpaka mwisho bila kuinuka. Mtu huyo Dar es Salaam mimi sijamwona.

Kazi yenyewe ilikuwa fomu ya maombi ya mkopo ya SACCOS moja ya Temeke. Ukurasa wa kwanza ni mwombaji mwenyewe, wa pili biashara au ajira yake, wa tatu wadhamini wawili, wa nne viambatanisho. Nilipendekeza tuzifupishe, katibu wao akakataa katakata. "Mwanangu, usinichanganyie wanachama. Karatasi hizi wamezizoea, ziweke hivyohivyo." Nikamwitikia, kwa sababu ana haki: mtu akiona maswali arobaini yamepangana kwenye skrini ya simu anafunga na kwenda zake.

Google Forms niliipa nafasi. Sehemu inazigawa vizuri, lakini ukiweka swali la kupakia faili, mjazaji lazima aingie kwanza kwenye akaunti ya Google. Wanachama wengi akaunti wanayo kwa sababu simu iliidai, na nywila aliiweka fundi wa Kariakoo siku simu inanunuliwa. Njia nyingine ni kuandika fomu yote kwenye ukurasa mmoja na kuificha vipande vipande kwa JavaScript. Inapendeza machoni, ila betri ikikata ukurasa wa tatu, umepoteza vyote vitatu, maana seva haijapokea hata herufi moja. PHP ilikuwa tayari imo kwenye seva ya kukodi waliyokuwa wanailipia, pamoja na hifadhidata ya MySQL. Hakuna cha kuongeza wala cha kumbembeleza mtu.

Na lugha hii ilizaliwa kwa ajili ya fomu. Rasmus Lerdorf alipoitoa hadharani mwaka 1995 ilikuwa zana za ukurasa wake binafsi, kisha ikaitwa PHP/FI, na hiyo FI ilisimamia kitafsiri cha fomu. Mpaka leo kinachoandikwa kwenye kisanduku kinakufikia moja kwa moja ndani ya `$_POST`, bila kufunga chochote. Kwa mtu anayeanza, hapo PHP haina mpinzani.

Shida ya fomu ya kurasa nyingi ni kwamba HTTP, kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Ukurasa wa pili ukifika kwenye seva, seva haijui kama wewe ndiye uliyejaza wa kwanza. Zamani watu walibeba majibu kwenye visanduku vilivyofichwa, ukurasa hadi ukurasa, na mjanja akifungua msimbo wa ukurasa anabadilisha kiasi cha mkopo kilichokwisha kukaguliwa. Toleo la 4, mwaka 2000, lilileta sesheni ndani ya PHP yenyewe. Inafanya kazi kama kuacha begi mlangoni supamaketi: majibu yanabaki kwenye seva, mteja anapewa namba tu, ambayo ni kuki (kipande cha taarifa kinachokaa kwenye kivinjari) iitwayo PHPSESSID. Unaandika `session_start()` juu ya ukurasa, unajaza `$_SESSION`, basi. Ni rahisi kiasi cha kukufanya usome maelezo haraka haraka.

Ukiyasoma taratibu unakutana na `session.gc_maxlifetime`, ambayo inakuja ikiwa sekunde 1440. Dakika 24 bila kugusa kitu, na PHP ina ruhusa ya kuifagia sesheni. Niliiacha makusudi hivyo kwenye majaribio, nikawapa wanachama wachache wajaze, nione. Ukurasa wa kwanza na wa pili, raha mustarehe. Ukurasa wa tatu unadai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na namba ya uanachama ya mdhamini, na nani anatembea na namba ya NIDA ya shemeji yake? Mwombaji anapiga simu. Mdhamini yuko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, anasema nikifika nitakutumia. Akifika kuna mgeni, kuna chakula, umeme umekatika. Namba inaingia kwa WhatsApp saa tatu usiku, na mwombaji akibonyeza "Endelea" anarudishwa ukurasa wa kwanza, mweupe pee.

Wengine hawakupatwa na hilo, na hapo ndipo watengenezaji wengi wanadanganyika. Ufagiaji ni wa bahati nasibu: kwa mpangilio wa kawaida uwezekano ni mmoja kwa mia kila sesheni inapoanzishwa, kwa hiyo kwenye tovuti yenye wageni wachache sesheni inaweza kukaa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Unajaribu nyumbani inapita, kwa mteja inakataa. Kuongeza muda peke yake hakutoshi pia. Ukiwa kwenye seva ya kukodi na sesheni za wapangaji wote zinakaa kwenye folda moja, skripti ya jirani mwenye muda mfupi itafagia na zako. Lazima uweke `session.save_path` ya folda yako mwenyewe.

Hata baada ya hayo yote, ushauri wangu ni kwamba maombi ambayo hayajakamilika hayana biashara kwenye sesheni. Kila "Endelea" ikibonyezwa, andika kwenye hifadhidata: jedwali la rasimu, safu ya hatua aliyofikia, ufunguo wa nasibu unaotambulisha maombi, uliotengenezwa kwa `random_bytes`, na namba fupi ya kumbukumbu inayotumwa kwa SMS. Mtu akirudi kesho anaweka namba hiyo, anapata msimbo kwenye simu aliyoiandikisha, anaendelea ukurasa wa tatu. Sesheni inabaki na kazi ndogo ya kukumbuka ufunguo. PHP inakuruhusu kufanya haya kwa mistari michache ya PDO (njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata), na ndiyo maana nyota nne zimebaki.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya mitandaoni hailigusi, kwa sababu waandishi wake hawajakaa stesheneri ya Mbagala. Huku fomu nyingi hazijazwi na mwenyewe. Anajaza dada wa stesheneri, kwenye kompyuta moja inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na kivinjari hakifungwi. Kuki ya PHPSESSID kwa kawaida hufa kivinjari kikifungwa, kwa hiyo pale haifi. Mteja wa pili anaweza kukuta jina na mshahara wa wa kwanza. Ukurasa wa mwisho ni lazima uue sesheni, na kuanza maombi mapya lazima kutoe namba mpya kwa `session_regenerate_id(true)`.

Halafu dada huyohuyo ana wateja watatu kwenye foleni. Mmoja anatafuta namba ya mdhamini, yeye anafungua kichupo kingine na kumwanzishia wa pili. Vichupo viwili, kuki moja, sesheni moja. Mdhamini wa mama muuza samaki anaingia kwenye maombi ya dereva wa bajaji na mfumo hauna wasiwasi wowote. Nilipomwonyesha dada wa stesheneri niliyekuwa najaribu naye, alicheka: "Sasa kaka, unataka nisubiri mmoja amalize? Na hawa wakae wapi?" Dawa ni kila maombi kuwa na ufunguo wake kwenye anwani ya ukurasa, na ndani ya sesheni kuhifadhi kwa ufunguo huo, `$_SESSION['maombi'][$ufunguo]`, badala ya kumwaga kila kitu kwenye chungu kimoja.

Viambatanisho navyo vina mambo yao. Kwanza fomu bila `enctype="multipart/form-data"` inatuma jina la picha, picha yenyewe inabaki kwa mwenyewe. Pili, PHP inakuja na kikomo cha MB 2 kwa faili moja na MB 8 kwa fomu nzima. Simu za siku hizi zinapiga picha ya kitambulisho ya MB 4 au 5. Ukizidi kikomo cha faili unapata namba ya kosa na unaweza kumweleza mtu. Ukizidi kile cha fomu nzima, `$_POST` na `$_FILES` zinakuja tupu zote mbili, pamoja na tokeni yako ya usalama (namba ya siri inayothibitisha fomu imetoka kwako), na mwombaji anaambiwa sesheni yake si halali wakati kosa lake ni kamera nzuri. Huu ni ukatili. Kagua `CONTENT_LENGTH` (ukubwa wa fomu nzima iliyotumwa) kabla ya kitu kingine, na vikomo vyenyewe vipandishe kwenye `.user.ini` (faili la mipangilio ya PHP) au kwa mwenye seva, kwa sababu `ini_set` ndani ya skripti haivigusi. Faili nalo lihamishwe kwa `move_uploaded_file` hatua hiyohiyo, maana la muda linafutwa ombi likiisha. Lihamishie nje ya folda inayoonekana mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na picha za NIDA zilizoachwa wazi si mzaha. Rasimu zisizomalizwa kwetu zinafutwa baada ya siku 30, pamoja na picha zake.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Ihifadhi kama maandishi. Nimeona majedwali ya watu yameiweka kama namba, na hata BIGINT ya MySQL isiyo na hasi, aina yake kubwa kuliko zote ya namba kamili, inaishia kwenye 18446744073709551615, yaani ingemtosha mwombaji aliyezaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma. Namba ya simu vilevile, sifuri ya mbele inapotea.

Majina yenye Ng' ni kipimo kizuri cha fundi yeyote. Mtu wa Kanda ya Ziwa akijaza jina lake na SQL (amri inayopelekwa kwenye hifadhidata) ikakatika pale kwenye alama ya juu, ujue fundi anaunganisha maneno kwa mkono. Tumia maswali yaliyoandaliwa ya PDO, yanayotenganisha amri na majibu ya mjazaji, na wakati wa kuonyesha tumia `htmlspecialchars`, ambayo tangu PHP 8.1 inashughulikia alama hiyo bila kuombwa.

Kitufe cha kurudi nyuma hakihitaji hadithi: kila hatua ikipokelewa, mpeleke mtu ukurasa unaofuata kwa jibu la 303, linaloambia kivinjari kifungue ukurasa mwingine, na maombi hayatumwi mara mbili.

Laravel, fremuweki ya PHP, ingenipa ukaguzi wa majibu na tokeni tayari, na kwa timu ya watu watatu ningeichagua. Kwa fundi mmoja na mteja mwenye seva ya kukodi ya bei ya chini, nimeona PHP tupu inatosha na inaeleweka na atakayekuja baada yangu. Fomu ya kurasa mbili isiyo na kiambatanisho wala mdhamini, tumia sesheni kama zilivyo, ni kazi ya jioni moja.

Katibu sasa anataka ukurasa wa tano, wa ridhaa ya mwenza. Kwa jinsi rasimu zilivyopangwa ni faili moja na safu mbili za jedwali. Bei bado tunavutana.