Rimu ya mbao ya kale: umtambue mtengenezaji kwa chapa au kwa kiungo?

Baiskeli nyingi za Marekani za miaka ya 1890 zilifungwa rimu za mbao, yaani duara la gurudumu linaloshika tairi, na wakusanyaji bado wanabishana kila rimu ilitoka kiwanda gani. Kuna wanaotafuta chapa, kuna wanaosoma mbao yenyewe.

Kwa uhakika, chapa inashinda. Ukisoma American Wood Rim, unajua ni kampuni ya Onaway, Michigan, ambayo kiwanda chake kiliungua mwaka 1926. Kazi ni kuipata. Stika ya kale ni nyembamba, na fundi mwenye msasa na vanishi mpya anaimaliza asubuhi moja tu. Mhuri nao hujificha chini ya gundi ya tairi. Ukikwangua ovyo unaondoa hata ulichokuwa unakitafuta. Na jina lililo kwenye fremu ni la muuza baiskeli, si lazima liwe la mtengeneza rimu.

Kiungo, yaani jinsi mbao ilivyounganishwa, hakifutiki kirahisi. Mulika ubavuni kwa tochi: ni ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke, ncha zikaingiliana kama vidole, au ni tabaka nyembamba zilizobandikwa kwa gundi? Gharama yake ni tochi na kioo cha kukuzia. Ila viwanda viliigana, kwa hiyo mara nyingi utapata kundi la watengenezaji, si jina.

Unauza? Hangaika na chapa, mnunuzi analipia jina. Unatafuta pacha wa rimu iliyopasuka? Kiungo, upana na idadi ya matundu ya spoku vitakufaa zaidi.