Happy Sad ya Tim Buckley: vibrafoni mahali pa dramu

Aliyemzoea mwimbaji wa Marekani Tim Buckley wa albamu ya Goodbye and Hello (1967), yenye mipangilio mizito na mashairi mengi aliyoandika na Larry Beckett, atakuta albamu yake Happy Sad ya 1969 ni nyepesi mno. Nyimbo ni sita, takriban dakika 45, na zote amezitunga peke yake. Anapiga gitaa la nyuzi 12. Lee Underwood yuko kwenye gitaa la umeme, John Miller besi, Carter Collins konga (ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono), David Friedman vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti). Seti ya dramu haimo.

Vibrafoni ndiyo inayoibeba albamu. Vyuma vyake hulia kwa muda mrefu, hivyo huziba pengo la matoazi bila kumfunika mwimbaji. Sikiliza “Strange Feelin’”: umejengwa juu ya “All Blues” ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, kwa mwendo uleule wa mapigo sita, na Buckley anayavuta maneno nyuma ya mdundo kama mpiga tarumbeta. “Buzzin’ Fly” ni mtamu zaidi, kwa kuwa gitaa la Underwood linamjibu karibu kila mstari.

Mawimbi ya bahari katika “Love from Room 109” yana kisa. Mtambo wa Dolby wa kupunguza kelele haukuwashwa wakati wa kurekodi, kanda ikabaki na mvumo, nayo bahari ikaletwa kuuficha. Limekuwa pambo zuri.

“Gypsy Woman” ndio udhaifu. Kwa dakika 12 konga zinazunguka palepale, na sauti ya Buckley inapaa kabla wapigaji wenzake hawajampa sababu ya kupaa. Nusu yake ingetosha. “Dream Letter”, aliouelekeza kwa mwanawe Jeff na mama wa Jeff, una nguvu kubwa zaidi kwa dakika tano tu za utulivu.

Ukinunua santuri iliyotumika, kagua mwisho wa upande wa kwanza. Upande huo una zaidi ya dakika 24, kwa hiyo mifereji imebanana, na “Room 109” umeangukia karibu na kitovu ambako sindano hupata shida zaidi. Ikiwa santuri ilipigwa kwa sindano iliyochakaa, herufi “s” zitakwaruza hapo kwanza. Kwenye simu tumia spika za masikioni: kispika cha simu humeza besi ya Miller, na bila besi hiyo “Strange Feelin’” unapoteza mwendo wake.