Katiba ya Makoroboi: fungua ibara ya 66 kabla hujatoa hela

Nakala ya kwanza ya Katiba ya Tanzania niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa kijana anayetandika vitabu kwenye turubai, shilingi elfu tatu. Naipa nyota moja, na hiyo ni ya bei.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kilichonipeleka ni ubishi. Mteja wangu mmoja, mama wa Uganda, tukisubiri gari la magunia yake, alikuwa anatamba kwamba kwao kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, na wanaume nao wanampigia kura. Watu wenye ulemavu wana viti vyao vitano. Nikamwambia sisi wanawake wa Tanzania Katiba inatupa viti visivyopungua asilimia thelathini ya wabunge wengine. "Imeandikwa wapi?"

Basi nikaenda kununua ushahidi. Nafungua ibara ya 66, inayotaja aina za wabunge, mbele za watu, nakuta "asilimia ishirini". Nilichekwa hadi na wabeba mizigo. Kumbe nimeuziwa toleo la kabla ya marekebisho ya 2005, limevalishwa jalada jipya. Nikarudi. Kijana hakubisha, akanidai elfu mbili ya juu, akanipa la 2005. "Mama, mimi nauza tu, sisomi."

Hili la pili maneno yake yako sawa. Ila herufi ni za kusomea miwani, tena niliazima ya shemeji, na gundi ni ya kubahatisha. Siku ya tatu karatasi yenye ibara ya 78 ilichomoka ikapeperushwa na upepo wa ziwa, nikaikuta imelala juu ya dagaa. Mpaka leo inanuka. Na ndiyo yenye utamu wote! Viti vya wanawake vinagawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge. Chama kisichofikisha asilimia tano hakiambulii kitu, na majina chama chenyewe ndicho kinayapeleka Tume ya Uchaguzi. Yaani pale Mwaloni hakuna aliyewahi kumpigia kura mbunge wa viti maalum. Nilipomsomea yule mama hakucheka. Alisema tu "pole", na ikaniuma kuliko kicheko.

Mwenzangu wa kikundi, anayetembelea magongo, akasema nimtafutie na kiti chake. Nikapitisha kidole ibara ya 66: wabunge wa majimbo, wanawake, watano wa Baraza la Wawakilishi, Mwanasheria Mkuu, wasiozidi kumi wa kuteuliwa na Rais. Chake hakipo. Nikamkumbusha Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliyeteuliwa na Rais Kikwete mwaka 2008.

"Huyo aliteuliwa," akanijibu. "Mimi nimeuliza kiti."

Nakala ya pili naipa nyota tatu. Ukienda, fungua ibara ya 66 hela ikiwa bado mkononi. Ukiona ishirini, rudisha. Na gundi nenda na yako.