Vibegi vya zipu mbili na bomba la PVC: nilivyofungasha nguo na rangi kwenda Berlin

Mchoraji akipata mwaliko wa kwenda kufanya kazi Ulaya, watu wa nyumbani huanza kumuuliza habari za koti la baridi. Koti linapatikana soko la Karume. Kinachohitaji akili ni rangi.

Sisi tuliojifunza uchoraji wa mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam mkono umezoea rangi za mafuta za makopo, zile za kung'aa za kupakia baiskeli, alizoanza nazo Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Nazipenda kuliko rangi yoyote. Lakini hazipandi ndege, kwa sababu zinashika moto haraka, na ukiziweka kwenye begi la mkononi au kwenye mzigo wa chini jibu ni moja. Thina, tapentaini na vanishi ya kupuliza nazo zinabaki nyumbani. Kwa hiyo nilisafiri na akriliki, ambayo ni rangi ya maji, pamoja na vitu viwili ninavyotaka kuvisifia na kuvikosoa hapa: vibegi vya kubana nguo na bomba la fundi bomba.

Vibegi nilinunua Kariakoo, seti ya vitatu kwa shilingi 35,000 baada ya kupatana bei. Kila kimoja kina zipu mbili. Unapanga nguo, unafunga zipu ya kwanza, kisha unaivuta ya pili polepole huku umekandamiza kwa kiganja, na unene unapungua karibu nusu. Sweta na suruali za ndani za baridi zinakubali kabisa. Jaketi la manyoya ya bata nalo linabanika, ila ukifika litoe siku hiyohiyo na ulikung'ute, maana joto lake linatokana na hewa iliyo kati ya manyoya. Vitenge vilivyotiwa wanga usithubutu. Nguo yangu ya siku ya ufunguzi wa maonyesho niliikunja juu kabisa, nje ya kibegi, na ilitoka ikiwa nzuri.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba kibegi kinapunguza ukubwa, hakipunguzi uzito. Nafasi ikishapatikana unashawishika kuongeza vitu, na mizani ya uwanja wa ndege haijui kwamba umebana. Tiketi yangu iliruhusu kilo 23. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, upime nyumbani usiku uliotangulia, wakati bado una muda wa kuchagua cha kuacha.

Sasa bomba. Kazi zangu za kitambaa sikutaka zikunjwe, nami mirija ya wachoraji ya kubebea picha naiona laini mno kwa namna mizigo inavyorushwa. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba PVC ya inchi nne.

“Dada, unaunganisha choo?” fundi akaniuliza.

“Hapana kaka, nasafirisha picha.”

Akanikatia sentimita 70, akasugua kingo kwa msasa hadi zikawa laini, akanipa na vifuniko viwili. Kipande hicho kililala mshazari ndani ya begi kubwa, nikakizungushia kanga. Ni kizito, hilo nakubali, lakini hakikuingia hata ufa.

Kuviringisha kuna taratibu zake. Picha iwe imekauka hadi chini, kwa sababu rangi ya mafuta inaweza kushika juu huku ndani bado ni mbichi. Upande uliochorwa unatazama nje, maana ukiwa ndani rangi inajibana na kujikunja. Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata. Usikaze. Kama umepaka rangi nene sana, tafuta bomba la inchi sita au usiviringishe kabisa.

Tyubu za akriliki nilizifungua moja moja, nikaminya hadi rangi ikachungulia mdomoni, ndipo nikafunga. Ndege ikiwa juu, mgandamizo wa hewa ndani hushuka na kuwa kama wa mlimani, karibu mita 2,000 na zaidi, kwa hiyo hewa iliyobaki kwenye tyubu inatanuka na kusukuma rangi nje. Kila rangi niliifunga kwenye mfuko wake, zote nikazizungushia fulana za kazini katikati ya begi la chini. Kisu cha kukatia na mkasi vilikaa humohumo. Brashi zangu nzuri nilizibeba mkononi, na chaja ya kubebeka pia, kwa kuwa betri hizo haziruhusiwi kwenda chini.

Nilichapisha pia karatasi ya usalama ya mtengenezaji wa rangi. Inapatikana bure kwenye tovuti za kampuni nyingi, na sehemu ya 14 ndiyo inayoeleza kama bidhaa ni mzigo wa hatari kwenye usafiri. Begi lilipofunguliwa, mkaguzi alishika tyubu.

“Dada, haya si mafuta?”

“Rangi ya maji, kaka. Karatasi yake hii.”

Akasoma, akarudisha kila kitu mahali pake. Nawasihi wenzangu msiende bila karatasi hiyo. Na mkiulizwa, semeni “rangi ya maji”. Neno rangi likiachwa peke yake humfanya mtu afikirie makopo ya nyumba.

Berlin nilifika kukiwa chini ya sifuri. Akriliki ikipata baridi kali inakuwa ngumu na inaweza kupasuka ukiikunjua, hivyo bomba nililiacha limefungwa chumbani hadi asubuhi ya pili. Picha zote zilitoka salama.

Vibegi ningenunua tena, ingawa mishono ya kona za kimoja imeanza kuachia, na ningechukua viwili tu. Bomba ningelichukua bila kufikiri. Kitu ambacho sitabeba tena ni tyubu kubwa ya nyeupe. Ndiyo nzito kuliko zote, na maduka ya vifaa vya sanaa kule yanayo tele, kwa hiyo kilo hizo bora ziende kwenye kazi zenyewe.