Livepatch kwenye seva za Ubuntu: uzoefu wangu

Kama una seva isiyoweza kuzimwa ovyo, weka Livepatch ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu: ni huduma inayoweka viraka vya usalama kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) bila kuzima mashine. Nasimamia mifumo ya SACCOS ambayo wanachama wake huweka akiba na kulipa marejesho kwa simu usiku na mchana, na huduma hii imenipunguzia hofu kubwa. Ila isikufanye uache kabisa kuwasha seva upya.

Kiraka cha kerneli unachokishusha kwa apt (programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kusasisha) hukaa kwenye diski tu. Kerneli inayoendesha mashine ni ileile yenye tundu hadi uiwashe upya, na kwenye taasisi ya fedha hilo huombewa kibali, kibali nacho husubiri kikao. Mshambuliaji hasubiri kikao. Chukua Dirty Pipe, tundu la usalama la kerneli ya Linux lenye namba CVE-2022-0847. Max Kellermann wa kampuni ya CM4all, Ujerumani, alianza na malalamiko ya wateja kwamba faili za kumbukumbu (logi) zilizobanwa zimeharibika. Alipochimba akakuta mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika juu ya faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka ya ruti (msimamizi mkuu wa mfumo). Matoleo ya Linux yaliyorekebishwa yalitoka 23 Februari 2022. Tarehe 7 Machi maelezo yote yakawa hadharani, pamoja na msimbo wa kuthibitisha shambulio. Siku hiyo, aliyekuwa na kiraka kwenye diski bila kuwasha upya hakuwa na nafuu yoyote kuliko asiye nacho.

Livepatch inaziba pengo hilo. Inapakia moduli yenye funkisheni (kipande cha msimbo) iliyorekebishwa, kisha ftrace, zana iliyo ndani ya kerneli, inaelekeza kila wito wa funkisheni ya zamani kwenye ile mpya. Hifadhidata inaendelea kufanya kazi na miamala haikatiki. Msingi wake umo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, ukichota kwenye teknolojia mbili za awali, kpatch ya Red Hat na kGraft ya SUSE. Kuiweka ni rahisi: unaunganisha mashine na Ubuntu Pro (usajili wa Canonical wa huduma za ziada) kwa amri ya pro attach, halafu canonical-livepatch status inakuonyesha hali ilivyo.

Mipaka yake uijue mapema. Inashughulikia udhaifu mkubwa na ule wa hatari kabisa, si kila dosari ya kerneli. Marekebisho yanayobadilisha muundo wa data ni magumu kuyapitisha kwa njia hii. Maktaba za programu kama glibc na OpenSSL haziguswi; hivyo unazisasisha mwenyewe na kuwasha upya huduma zinazozitumia. Halafu amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli, itaendelea kutaja toleo la zamani hata baada ya kiraka kuingia, kwa hiyo mkaguzi wa TEHAMA akija mwonyeshe matokeo ya canonical-livepatch status, la sivyo atakuandikia hoja. Na kila kerneli hupewa viraka hivi kwa muda maalumu, kisha lazima uhamie mpya.

Sisi tumebaki na usiku mmoja wa Jumapili kila mwezi wa kuwasha seva upya, wanachama wakiwa wamearifiwa kwa SMS. Katikati ya mwezi Livepatch ndiyo inayolinda.

Kwa matumizi binafsi Ubuntu Pro ni bure hadi mashine 5. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta yako ya nyumbani yenye Ubuntu LTS (toleo la msaada wa muda mrefu), usome matokeo ya status hadi uyazoee, ndipo uipeleke kazini.